Bomba Juu ya Paa la Sosaia

Sauti ilitoka sakafuni, kwenye tundu la maji la choo kipya: glo, glo, glo, kama mtu anayezamishwa kichwa na kuachiwa, kisha akazamishwa tena. Baada ya sauti ikafuata harufu.

Melenaite akakohoa. Hakuwa na kifua wala mafua. Alikohoa kwa nguvu, mkono mdomoni na macho dirishani, mpaka sauti ya sakafuni ilipokoma ndipo naye akakoma. Wifi yake Lesieli, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akaelewa kwamba kikohozi kile kilikuwa pazia.

"Hujala tena, wifi," Lesieli alisema. Sahani ya jana ilikuwa palepale mezani, magimbi yamekauka, samaki hajaguswa hata jicho.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Upepo?"

"Lesieli, meli ya Ha'apai inaondoka Jumatatu. Nitarudi nyumbani kwangu."

Lesieli aliweka sinia chini taratibu ili vikombe visilie. "Na goti? Daktari amesema kila wiki."

"Goti nimezaliwa nalo. Tutaelewana."

"Nimekukosea nini, wifi? Niambie nikuombe radhi."

"Hujanikosea. Nyumba ni nzuri na chumba ni kizuri." Melenaite alikunja shali yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Mimi ndiye sifai kukaa ndani yake. Acha chai, nitainywa baadaye." Hakuinywa. Mtu asiyekunywa hahitaji kwenda popote, na Melenaite alikuwa ameanza kuishi hivyo wiki ya tatu sasa, akikonda kimya kimya katika chumba ambacho kaka yake Sosaia alimpa kwa heshima zote.

Kwetu Tonga kaka hachezi na dada yake. Dada ni juu na kaka ni chini, hata kaka awe na ndevu na dada awe binti mdogo. Kaka haingii chumba cha dada, halali anapolala dada, na mambo ya mwili hayatajwi pale ambapo masikio yao mawili yanasikia. Watu wa mbali wakisikia hucheka. Wacheke. Sisi tulikuwa na adabu hii kabla hawajajua visiwa vyetu viko wapi, na sitaiombea msamaha kwa yeyote.

Ndiyo maana Melenaite alipofiwa na mumewe, goti likavimba, na hospitali ya Ha'apai ikasema aletwe huku kisiwa kikubwa, Sosaia hakumpa dada yake kitanda tu. Choo cha nyumba kilikuwa kimoja, na dada hawezi kuketi alipoketi kaka. Sosaia akaongeza bafu na choo kwenye ubavu wa nyumba, mlango wake ukifungukia chumba cha Melenaite. Kazi aliifanya Kepu, binamu yao, fundi wa kijiji. Mchungaji akaombea. Kepu akahutubia, akaliita bafu lile taji la ukoo, watu wakala, wakaenda makwao.

Halafu taji la ukoo likaanza kuguna.

*

Lesieli alimkuta mumewe akirudi kwa mguu kutoka upande wa kanisa, taulo begani.

"Umetoka wapi?"

"Kuangalia kitasa cha ukumbi wa kanisa. Kimelegea."

"Juzi ulikwenda kuangalia kitasa. Jana kitasa. Asubuhi kitasa, jioni kitasa. Kwa taulo?"

Sosaia alishusha taulo begani, akalikunja likawa dogo mkononi. Alikuwa mwanamume mpana, mvuvi wa nyavu za ghuba, mwimba besi wa kwanza katika kwaya. Siku hizi suruali yake ilishikwa na kamba.

"Wifi anaondoka Jumatatu," Lesieli alisema.

Sosaia alisimama. Kisha akasema neno ambalo mume husema akiwa hana la kusema. "Umemfanya nini?"

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayeingia mle. Wewe ndiye unayempikia. Dada yangu hawezi kuondoka kwangu hivihivi. Umemjibu vibaya?"

"Miaka yote hii nimemjibu dada yako vibaya lini? Nimemfulia, nimemkanda goti, nimemnyamazia aliposema magimbi yangu hayajaiva na yameiva. Leo nimemfanya nini!"

"Watu watasema nimemfukuza shangazi wa watoto wangu."

"Watasema mimi ndiye niliyemfukuza. Wewe watakupa pole."

Alikuwa sahihi. Jioni ileile kwenye mazoezi ya kwaya, kabla hajafungua kitabu cha nyimbo, mama mmoja wa sauti ya pili alimgeukia na uso wa huruma. "Tumesikia shangazi anarudi Ha'apai. Sisi tunajua si rahisi kumhudumia mgeni wa namna ile. Wengine hatukujaliwa mkono wa kupika." Wenzake wawili walitazama viatu vyao na kutabasamu. Lesieli aliimba wimbo wote bila kujua maneno gani yanamtoka.

Lakini pale barabarani na mumewe alikuwa hajamaliza. Alimshika mkono akamvuta pembeni, chini ya mgomba, mbali na madirisha.

"Nisikilize. Ni lile bomba. Wewe ukivuta maji kwako, kwake kunaguna. Anakusikia."

"Lesieli."

"Anasikia kila mara unapo..."

"Usitaje."

"Na harufu inapanda. Anakohoa ili asisikie, na wewe unasikia anakohoa, unajua kwamba amesikia. Ndiyo maana unakwenda ukumbini. Na yeye amekoma kula ili asikitumie cha kwake, akidhani na wewe unamsikia. Nyumba nzima imejifunga tumbo."

Sosaia alikuwa amegeuza mgongo.

"Yule nguruwe mkubwa," alisema bila kugeuka. "Muuze."

Nguruwe yule alikuwa wa mkutano mkuu wa kanisa. Mwanamume hupimwa kwa nguruwe anayempeleka pale, na Sosaia alikuwa amemlisha nazi mwaka mzima, akimsifu kwa majirani. Bei yake ingetosha kununua mabomba na saruji. Lesieli alikuwa amepata ruhusa yote ambayo mume wake angeweza kuitoa kwa kinywa chake.

*

Kepu alikuwa uani kwake asubuhi ya Alhamisi, kikombe mbele, kopo la maziwa mkononi, amekaa juu ya beseni la kuogea ambalo hakuna aliyekuja kulichukua.

"Shemeji. Karibu chai. Taji linaendeleaje?"

"Linaguna."

"Mabomba yote huguna. Ni kama wazee."

"Linanuka."

"Mwaga dawa ya kusafishia."

"Nimemwaga chupa mbili. Sasa linanuka dawa na linanuka vilevile. Kepu, nimezunguka nikitazama mapaa. Benki, shule, nyumba ya daktari, zote zina bomba limetokeza juu, mdomo wazi. Letu halina. Lile la juu ni la kazi gani?"

Kepu alicheka mpaka beseni likalia chini yake. "Bomba la kwenda juu? Uchafu unashuka, shemeji. Au wewe unataka upande mbinguni, ukamsalimie marehemu shemeji yetu? Yale ni mapambo ya wazungu. Wana pesa za kuchezea. Wewe umejenga vyoo vingapi?"

"Hata kimoja. Nimevisafisha tu, vyote."

"Basi kisafishe na hicho."

Akatoboa kopo la maziwa kwa ncha ya kisu, tundu moja, akalipindua juu ya kikombe. Maziwa yalitoka kidogo, yakasita. Kopo likavuta pumzi: glo. Yakatoka tena kidogo. Glo. Kepu akalitikisa. Glo, glo.

Lesieli alikuwa akilitazama lile kopo kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoijua. Akainama kwenye sanduku la vifaa, akachukua msumari na nyundo, akamnyang'anya Kepu kopo, akalitoboa upande wa pili.

Alipolipindua, maziwa yalishuka kwa uzi mmoja mwembamba, bila kukatika, bila kusema chochote. Yakajaza kikombe, yakafurika kwenye sahani.

"Basi, basi, unamwaga," Kepu alisema.

"Kwa nini sasa hayagugumii?"

"Kwani ni jambo geni? Tundu moja la maziwa, moja la hewa. Kila mtoto anajua kopo hutobolewa mara mbili. Mimi nilikuwa na haraka."

"Na bomba letu ulilitoboa mara ngapi?"

Kepu alitazama kikombe kilichofurika, akatazama kopo, na Lesieli akaona fundi aliye ndani ya mtu yule akiamka na kutazama huku na huku.

"Sosaia anapovuta," Kepu alisema polepole, "maji yanapita kwa kishindo. Yanataka hewa nyuma yake. Hayaipati." Kidole chake kilichora hewani. "Yanaivuta kule kwa dada. Yanafyonza yale maji ya shingoni mwa tundu lake, yale yanayozuia harufu..."

"Ulilijaribu, shemeji?"

"Lipi?"

"Ulipomaliza. Ulivuta maji, ukasikiliza?"

Kepu aliinuka kwenye beseni. Alikuwa amekasirika sasa, hasira ya mtu aliyeguswa pabaya. "Melenaite ni dada yangu! Mama yake na mama yangu walinyonya ziwa moja. Ulitaka niende nivute maji mle kwa dada yangu, naye yuko chumbani ameketi? Nilitia gundi, nikafunika, nikatoka. Hata kukaa mle ndani kulinitia jasho."

"Na Sosaia?"

"Sosaia ndiyo usiseme."

"Kwa hiyo wanaume wawili wazima mmejenga choo, mmekiombea, mmekihutubia, na hakuna aliyethubutu kukivuta."

Kuku alikuja kunywa maziwa yaliyomwagika, Kepu hakumfukuza.

"Aje Sosaia," alisema mwishowe. "Aje mwenyewe aniambie kazi yangu ni mbovu. Sitaambiwa na mwanamke wa jikoni."

"Sosaia hawezi kulitamka hilo neno kwa ajili ya dada yake. Wewe huwezi. Melenaite hawezi. Katika ukoo wenu wote mwenye ruhusa ya kulitamka ni mimi, mgeni niliyeolewa. Basi ninalitamka: choo. Choo, Kepu. Choo cha dada yako kinamfukuza, na Jumatatu atakuwa melini. Njoo na sululu."

*

Sheria yetu haina mzaha na siku ya Bwana. Ikifika saa sita usiku wa kuamkia Jumapili, jembe hulala, msumeno hulala, hata mpira hauchezwi. Siku walizokuwa nazo ni Alhamisi iliyobaki, Ijumaa, na Jumamosi.

Melenaite aliambiwa kwamba ukuta una nyufa. Alijibu kwamba nyumba mpya huwa na nyufa, akavuta pazia. Alikuwa ameshaanza kupanga nguo zake kwenye kikapu.

Nyuma ya nyumba, ardhi ni tambarare kama mkeka mpaka ghuba, na shimo la maji machafu limefunikwa kwa zege karibu na mipapai. Lesieli alitaka kwanza kila kitu kichorwe. Kepu alisema yeye huchora kichwani. "Kichwani ndiko kulikotupoteza," Lesieli alisema. Akaleta uzi ambao wanawake hutumia kunyoosha mistari juu ya nguo ya magome, akaupaka masizi, akauvuta na kuupiga juu ya zege la uani mpaka ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Huu ukuta wa Sosaia. Huu wa Melenaite. Hapa kiti cha choo kilipo sasa, kimegusa ukuta wa Sosaia. Kule shimo.

"Bomba lake liende peke yake," alisema. "Lisiguse la mume wangu popote. Kila mtu na njia yake mpaka shimoni."

"Nilitaka hivyo tangu mwanzo," Kepu alisema, na safari hii hakukuwa na dhihaka. "Tatizo ni mteremko. Kila mita moja lazima bomba lishuke upana wa kidole. Likilala sana uchafu unakwama. Likisimama sana maji yanakimbia, yanauacha. Kutoka kwenye kiti mpaka shimo, ukizunguka kona, ni mita kumi na moja. Vidole kumi na moja."

"Tuna vingapi?"

Walijaza maji kwenye mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mwisho mmoja akaushika Kepu penye ukuta, mwingine Lesieli akaushika mdomoni mwa shimo, wakangoja maji yatulie. Maji hayadanganyi mtu. Lesieli akapima tofauti kwa vidole vyake, akapima tena.

"Sita."

"Nilijua," Kepu alisema. "Ndiyo sababu nililiunga kwa Sosaia. Sikuwa mjinga kabisa."

"Tuinue sakafu ya bafu?"

"Tukiinua, atapanda ngazi. Na goti?"

Walikaa chini, kila mmoja upande wake wa mchoro. Siku ilikuwa inakwenda. Sosaia alipita kwa mbali na nyavu zake, akaona wamekaa bila kuchimba, akapita tena, akaona bado wamekaa, asiulize. Mara ya tatu aliacha kichane cha ndizi zilizoiva karibu nao na kuondoka kama mwizi.

Lesieli alikuwa akitazama ile alama ya kiti. "Nani aliamua kikae pale?"

"Hakuna. Palikuwa na nafasi."

"Melenaite aliulizwa?"

Kepu alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo mwezi uliulizwa pa kukaa.

Lesieli alijipangusa masizi, akaingia ndani. Melenaite alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, kikapu kando yake kimejaa nusu.

"Wifi," Lesieli alisema, akipiga magoti kama ipasavyo. "Kama ungepanga mwenyewe kile chumba kidogo, kiti chako ungekiweka wapi?"

Usoni mwa Melenaite ilipita aibu, kisha hasira ya aibu, kisha kitu kingine ambacho Lesieli hakuwahi kukiona pale: shauku.

"Sikuulizwa," alisema.

"Ninakuuliza mimi."

"Nisingekiweka kwenye ukuta ule." Hakusema ukuta gani, ulikuwa ni ukuta wa kaka yake. "Mtu hawezi kupumzika akiwa ameegemea ukuta wa mwenzake. Ningekiweka kule, upande wa ghuba, chini ya dirisha. Pale kuna upepo. Na mtu mwenye goti bovu angeshika kizingiti cha dirisha akainuka bila kuita mtu." Alivuta shali. "Siku ya kwanza nilipoingia mle niliona hilo. Lakini ningemwambia nani?"

Lesieli hakungoja hata kuaga vizuri. Alitoka nje, akapiga mstari mpya wa masizi kutoka ukuta wa ghuba kwenda shimoni. Ulinyooka bila kona. Kepu akaipima njia hiyo ardhini kwa hatua, kisha kwa futi, kisha akarudia kwa sababu hakuamini.

"Mita tano," alisema. "Vidole vitano. Na tuna sita."

"Kimoja cha ziada."

"Kimoja cha ziada, shemeji." Alianza kucheka, kicheko tofauti na kile cha juu ya beseni. "Adabu imemshinda fundi."

*

Walivunja sakafu ile iliyoombewa. Kepu alipiga sululu kwanza yeye mwenyewe, na alipolifikia bomba lake la zamani alilikata kwa msumeno bila kusema neno, akaziba mdomo uliobaki upande wa Sosaia. Sosaia alichimba mtaro wa nje. Mtaro hauna jina la aibu, ni shimo tu kama la kupandia viazi. Alichimba kama anayedaiwa. Lesieli alishuka ndani ya mtaro na kipande cha ubao na mpira wake wa maji, akahakikisha kila mita kidole kimoja, akiongeza mchanga hapa, akipunguza pale. Kepu alipotaka kulaza kipande kimoja kwa macho, alimpiga mkono kwa ubao.

Ubishi wa mwisho ulikuwa wa lile bomba la juu. Sosaia alimwita mkewe pembeni.

"Litaonekana?"

"Litaonekana."

"Kijiji kizima kijue ni la... la yule?"

"Liko nyuma, upande wa ghuba. Kutoka barabarani ni kichwa tu. Na lazima lipite ukingo wa paa bila kuligusa, maji yetu ya kunywa yanatoka juu ya paa hilo."

"Fupi kidogo basi. Liishie chini ya paa."

Kepu, aliyejifanya hasikii, alisikia. "Likiishia chini ya paa, binamu, harufu itaingia dirishani kwake, na itakuwa kazi yangu tena. Mimi sitoboi kopo mara ya tatu. Mita nzima juu ya paa, upepo wa ghuba uichukue uipeleke kwa samaki."

Likasimama. Jumamosi alasiri, wakati kwaya imeanza kufanya mazoezi ya wimbo wa kesho, bomba jeupe lilikuwa limepanda ukutani, limekwepa mfereji wa mvua, limetokeza juu ya paa la Sosaia, mdomo wazi, kofia ndogo ya wavu kichwani kuzuia ndege. Kiti kilikuwa chini ya dirisha. Saruji ya sakafu, iliyomwagwa jana yake, ilikwisha kushika kiasi cha kukanyagwa juu ya mbao.

Ikabaki kuvuta.

*

Kepu alikuwa juu ya paa, amekumbatia bomba lake. Sosaia alikuwa katika choo chake mwenyewe, mlango umefungwa. Lesieli alikuwa ndani ya bafu jipya, amepiga magoti juu ya ubao mbele ya tundu la sakafuni, na nyuma yake, mlangoni, Melenaite alikuwa ameketi kwenye kiti na mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri hukumu. Kikapu chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba.

Lesieli akagonga ukuta mara moja. Ndiyo ishara waliyopatana.

Hakuna kilichotokea.

Akagonga tena. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mwanamume mpana aliyeshika kishikio cha maji na jasho likimshuka, anayejua kwamba dada yake ametega masikio. Mawimbi ya ghuba aliyaweza. Hili halikuwa wimbi.

Juu ya paa Kepu alianza kupiga mluzi. Alipiga wimbo wa kesho, ule wenye besi nzito, akaupiga kwa kosa makusudi, akashusha pale pa kupandisha. Alirudia kosa lile lile. Na Sosaia, ambaye hajawahi kuvumilia besi ikiharibiwa, akaimba ile sehemu kwa usahihi kutoka chooni kwake, kwa sauti iliyotikisa mabati, na katikati ya wimbo mkono wake ukashuka.

Maji yalikwenda. Yalisikika mbali, upande mwingine, yakishuka njia yao yenyewe kama mgeni anayepita barabara ya chini. Lesieli alikuwa ameinama mpaka pua ikakaribia tundu. Ndani yake maji yalikuwa yametulia, meusi, duara, na ndani ya duara aliona uso wake na dirisha. Havikutetemeka.

"Tena," alisema.

Akagonga. Yakavutwa tena. Uso wake ukabaki mzima ndani ya maji.

Kisha akasimama, akavuta choo kipya chenyewe. Maji yalizunguka yakashuka kwa mlio mmoja mfupi, yakanyamaza. Akanusa. Kulikuwa na harufu ya saruji mbichi na ya ghuba.

Aligeuka. Melenaite alikuwa bado ameketi wima, lakini machozi yalikuwa yakimshuka bila kificho, mwanamke yule ambaye hata mazishini hakuyaruhusu.

"Siku ishirini na ngapi," alisema, "nimekuwa nikimwona kaka yangu akipita dirishani na taulo. Anakwenda, anarudi. Mwanamume wa umri ule, na mvua. Nilisema nikiondoka atapata kukaa kwake."

Lesieli alimshika mkono.

"Umepika nini, wifi?" Melenaite aliuliza.

"Kamba wa ghuba na majani ya magimbi katika tui."

"Leta. Leta na sahani yako." Akainama, akafungua kamba ya kikapu kwa vidole vyake mwenyewe.

*

Kesho yake baada ya ibada ndugu walikuja kula, maana habari ilikuwa imezunguka kwamba shangazi haondoki. Tanuri la ardhini lilifunguliwa. Melenaite aliketi juu ya mkeka wa heshima, kichwani pa chumba, Mchungaji kulia kwake. Sosaia na Kepu walikuwa karibu na mlango. Lesieli alisimama nyuma na kipepeo cha kufukuzia nzi, mahali pa mke wa nyumba kila siku ya namna hii.

Yule mama wa sauti ya pili alikuwepo. Alikula vizuri, akajifuta midomo. "Tumepita njia ya ghuba," alisema. "Tukaona kitu cheupe kimesimama juu ya paa lenu. Ni antena?"

Kepu alipendezwa ghafla na mfupa. Sosaia akatazama dari. Mchungaji, mtu mwema asiyejua alipo, alisema naye alikiona na alitaka kuuliza.

Melenaite aliweka kipande chake cha gimbi chini. Hakuna aliyepumua, kwa sababu dada hawezi kulijibu swali lile mbele ya kaka yake, na kaka hawezi, na kunyamaza ni kumwacha mwanamke yule ajijibie mwenyewe barabarani.

"Mwulizeni aliyelipanga," Melenaite alisema. Akasogea juu ya mkeka wake, akauacha wazi upande wa kushoto, akaupiga kwa kiganja. "Lesieli. Weka hicho kipepeo. Njoo ukae hapa."

Lesieli alitazama mkeka, akamtazama mumewe. Sosaia alikuwa ameshainuka. Alichukua sahani yake, Kepu akachukua ya kwake, wakatoka nje pamoja kwa haraka, mabega yakigongana mlangoni, na kutoka uani kikasikika kicheko cha besi ambacho nyumba ile ilikuwa imekikosa tangu taji la ukoo lilipozinduliwa.

Lesieli aliketi. Magoti yake yaligusa mkeka wa wifi yake kwa mara ya kwanza. Alimtazama yule mama usoni, akavuta pumzi, na kwa kuwa hakutaka mtu yeyote katika chumba kile arudi kwake bila kuelewa, akaanzia kwenye mteremko.